Kiwanja changu, mandhari ya jirani

Juzi nimeona tangazo la nyumba ya jirani yangu inauzwa, kaandika vyumba vinne, maji ndani, halafu mstari wa mwisho ndo ukanimaliza: "upande wa nyuma ina mandhari ya wazi ambayo haitazibwa milele." Nikasoma mara tatu. Nyuma ya nyumba yake kuna nini? Kuna kiwanja changu! Yaani hiyo mandhari ni mimi. Jamaa anapandisha bei ya nyumba yake kwa sababu mimi nimekatazwa kujenga yangu, na kwenye hiyo bei sina hata senti.

Ngoja nianze mwanzo maana hasira inanitangulia. Kile kiwanja nilikinunua kwa kujinyima miaka, kimepimwa, kina bikoni zote nne, hati iko kabatini nimeifunga nailoni mbili (cheti cha ndoa chenyewe sijui kiko wapi). Nikachorewa ramani, nikapeleka maombi ya kibali cha ujenzi, nikasubiri, nikasubiri tena, barua ikarudi inasema mpango wa matumizi ya ardhi umebadilishwa na upande ule wote wa mto sasa ni eneo la wazi, ujenzi wa kudumu hauruhusiwi. Haya. Nikachomekea shati nikaenda ofisini kwa adabu zote, nikijua naenda kujaza fomu ya fidia tu, nisaini, nirudi nyumbani.

Nikamkuta kijana wa mipango, mpole kweli, ndo wale wanaokumaliza huku wanakuita mzee.

"Mzee, fidia ni ya mtu ambaye ardhi yake imechukuliwa. Yako haijachukuliwa."

"Kwa hiyo bado ni yangu?"

"Kabisa mzee, asilimia mia."

"Naweza kujenga?"

"Hapana."

"Hata kibanda cha mlinzi?"

"Alinde nini mzee, si hakuna kitu?"

"Kuuza je?"

"Hiyo haki yako, nani akuzuie. Na mboga mboga unaruhusiwa kupanda."

Nimuuzie nani sasa, mbuzi?

Na usidhani yameisha. Kodi ya ardhi ikaja, imepigwa kwa kiwango cha kiwanja cha makazi. Nikauliza makazi gani na hapakaliki, nikaambiwa hilo ni dirisha lingine. Yaani nikienda kudai, kiwanja ni pori halina thamani, nikienda kulipa, ni kiwanja cha hadhi chenye upepo wa mto. Halafu nyasi zikiota napigiwa simu usiku, eti nyoka, eti watoto wanacheza karibu, njoo ufyeke kwako. Siku ya kufyeka kila mtu mtaani anamjua mwenye kiwanja.

Nina binamu yangu barabara ilipita juu ya nyumba yake. Walimchorea X ukutani, akalia, tukaenda kumpa pole, na mi ndo nikaongoza maombi. Wakaja wathamini wakahesabu vyumba, choo, uzio, na miti mmoja mmoja, kuna mmoja ulikuwa umeshakauka wakabishana naye nusu saa kama ule ni mti au ni kuni. Hela ilichelewa, alinung'unika sana, ila alilipwa. Wakati ule nilimwonea huruma, sasa namwonea wivu mpaka naogopa kumpigia simu. Ukivunjiwa unalipwa, ukikatazwa unashukuriwa kwa kutunza mazingira. Kuna usiku nimejikuta naomba barabara ipinde kidogo ije kwangu.

Kwa hiyo silali, nasoma kesi za watu kwenye simu. Kumbe huu ugonjwa ni wa zamani! Marekani, mwaka 1922, kulikuwa na kampuni ya makaa ya mawe kule Pennsylvania iliyouza ardhi ya juu ikabakiza haki ya kuchimba makaa ya chini, sheria ikaja ikasema msichimbe, nyumba za watu zitatitia, wakafika Mahakama ya Juu na jaji mmoja anaitwa Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba serikali inaweza kubana matumizi ya mali ya mtu, ila ikibana kupita kiasi hapo ni sawa na kuichukua. Nikakaa kitako kitandani. Kupita kiasi! Si ndo mimi huyu? Sasa kiasi ni kipi, hapo jaji hakutoa futi, na mpaka leo mawakili wanasomesha watoto kwa hilo neno moja.

Nikaendelea kusoma, nikanyong'onyea. 1978, wenye stesheni ya Grand Central pale New York walitaka kupandisha mnara wa ghorofa zaidi ya 50 juu yake, jiji likagoma kwa sababu jengo ni la kihistoria, mahakama ileile ikasema hakuna fidia, stesheni si bado inafanya kazi na inaingiza hela? Nikataka kuzima simu. Ndo nikakutana na David Lucas, huyu namwita ndugu yangu wa damu. 1986 kanunua viwanja viwili ufukweni South Carolina kwa dola 975,000, miaka miwili baadaye ikatoka sheria ya kulinda fukwe, hakuna kujenga nyumba. Akapambana mpaka Mahakama ya Juu, 1992 wakamwambia mtu akinyimwa matumizi yote ya maana ya ardhi yake, kwa kawaida anatakiwa kulipwa. Mwisho wa safari jimbo likavinunua vile viwanja. Na unajua likavifanyia nini? Likaviuza vijengwe! Nilicheka mpaka mke wangu akawasha taa.

"Baba Neema, lala. Huyo Lucas hata hakujui."

Nikazima, lakini neno "yote" likaniganda kichwani. Matumizi yote. Nikamkumbuka yule kijana na mboga mboga zake. Kumbe ule haukuwa ukarimu! Mtu anayeruhusiwa kupanda matuta mawili ya mchicha utasemaje amenyang'anywa yote?

Kuna na wa Oregon, hawa walijaribu kulimaliza kabisa. 2004 wapiga kura wakapitisha kwamba masharti yaliyokuja baada ya wewe kununua yakishusha thamani ya ardhi yako, serikali ikulipe au ikuondolee hayo masharti. Madai karibu 7,000 yakamiminika, hela ya kuwalipa watu wote hao itoke wapi, ikawa ni kuondoa masharti tu, huku wagawe viwanja, kule wachimbe kokoto, na 2007 wapiga kura wa jimbo lilelile wakarudi kuipunguza makali. Hapo na mi nilipunguza sauti kidogo.

Maana kuna kitu sijakwambia. Mwaka juzi kuna fundi alinunua kiwanja upande wa juu, akataka kuweka karakana ya kuchomelea vyuma. Mashine kashaleta, ziko chini ya turubai. Nani alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kumpinga? Mimi, na viatu viliisha. Fundi akazuiwa, tukapongezana, turubai likabaki pale na mvua yake. Kama alidai fidia au hakudai mi sijui, sikuwahi kuuliza.

Sasa siku narudi ofisini na kesi zangu nimeziprinti, kurasa arobaini, nimezitia kwenye bahasha ya kaki, kijana ananisikiliza mpaka mwisho, hadi Holmes anamsikiliza, halafu anavuta faili taratibu anatoa karatasi. Sahihi ya kwanza kabisa ni yangu, ile yenye mkia mrefu. Chini ya maandishi yangu mwenyewe: "tunaomba eneo lote hili libaki tulivu, la kijani na la wazi kwa faida ya vizazi vijavyo." Neno "lote" nimelipigia mstari. Mara mbili.

"Mzee, hii barua yenu ilitusaidia sana kuandaa ule mpango."

Nikarudisha kesi kwenye bahasha.

Jumamosi nilikuwa kiwanjani nafyeka, jua kali, akaja bwana mmoja na mkewe kuangalia nyumba ya jirani. Wamesimama barazani wanavuta hewa ya kwangu. Yule bwana akanisogelea kwenye uzio.

"Habari ya kazi fundi. Hii bustani mnaifyeka kila wiki?"

"Nikipata nafasi."

"Safi sana. Manispaa yenu inajitahidi."

Nikasema naam. Ningesema nini, nianze na 1922?

Akapiga hatua mbili, akarudi. "Samahani fundi, kile kichaka pale kona kinaziba mto kidogo. Hakiwezi kutoka?"

Nikakiangalia kile kichaka. Kweli kilikuwa kinaziba. Nikakikata.