Televisheni ya OLED au monita pana: tuanzie kwenye swichi

Mpwa wangu wa Tudor ana PS5, ile mashine ya kuchezea gemu, na tangu Ramadhani amekuwa akiweka akiba ya skrini mpya. Juzi alinijia na swali lake: "Mjomba, nichukue televisheni ya OLED ya inchi 42, ama ile monita pana ya inchi 34?" Nami nikamuuliza langu kwanza. Mamako akimaliza kutazama TV usiku, huizima vipi? Akasema huizima kwa rimoti, kisha huenda ukutani akabonyeza swichi ya soketi. Kila usiku? Kila usiku.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Watu wakilinganisha skrini hizi mbili huzungumzia rangi na upana, nayo ni mambo ya maana. Lakini katika mji huu wetu wa Mombasa, desturi za nyumba huamua zaidi ya karatasi ya sifa iliyobandikwa dukani.

Tuanze na OLED. Kila pikseli ndani yake, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, hujiangazia yenyewe. Hakuna taa nyuma ya kioo kama kwenye LED. Penye weusi, pikseli huzimika kabisa. Ukicheza gemu ya usiku, ukaingia pangoni, giza huwa giza kweli, si ule ukijivu kama moshi unaouona kwenye LED za bei ya chini. Tena pikseli zake hubadilika upesi mno, takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kwa hivyo mpira ukipigwa hauburuti mkia. Monita pana nyingi za LED hutumia paneli za aina iitwayo VA, na hizo ndizo zenye tabia ya kuburuza kivuli penye giza. Kwa uzuri wa picha sioni mjadala. OLED imeshinda, na aliyeitazama usiku taa za sebule zikiwa zimezimwa hahitaji kuelezwa.

Shida yake ni kwamba kemikali zinazotoa ule mwanga huchakaa. Pikseli iliyofanya kazi sana hufifia kuliko jirani yake, na kitu kilichokaa mahali pamoja miezi na miezi, kama nembo ya stesheni au kisanduku cha mabao, huacha alama isiyofutika. Watengenezaji wanalijua hili. Televisheni za LG, kwa mfano, zikishatumika jumla ya saa 4 hivi, husubiri uzizime kwa rimoti, kisha zenyewe hupima pikseli na kuzisawazisha kwa dakika chache huku kioo kikiwa cheusi. Kazi hiyo inataka stima. Ukizima swichi ya ukutani umeikatiza, na kioo kinazeeka bila kupata matunzo yake.

Na nani hapa Mombasa hazimi ukutani? Tumefunzwa na stima yenyewe. Inakatika, na ikirudi inarudi kwa kishindo, friji inanguruma, balbu inapasuka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, jambo la kwanza tulilofanya nyumbani ni kupita chumba kwa chumba tukichomoa vitu. Ni busara, wala dada yangu hana kosa. Lakini busara hiyohiyo ndiyo inayoiumiza OLED, na sijamsikia muuzaji akimwambia mteja.

Kuna jirani mmoja Kibokoni aliniita nimtazamie televisheni yake ya OLED, akidhani kebo imeharibika. Sebule yao hukaa kwenye stesheni ya habari toka asubuhi hadi Isha. Niliweka picha tupu ya kijivu, kioo kizima. Chini kabisa palikuwa na ukanda ulionyooka kama uliopigwa rula, rangi yake imeelekea uwaridi, pale pale yanapopita maandishi ya habari. Juu kulia, nembo ya stesheni ilisomeka herufi kwa herufi. Mwanawe akaweka mechi, na nyasi za uwanja zikawa na kiraka ambacho mchezaji akikipitia jezi yake inabadilika rangi. Nikauliza kuhusu swichi. Nayo ilizimwa kila usiku, mwaka na zaidi. Hapakuwa na la kufanya ila kumwambia ukweli, na kebo yake ilikuwa nzima.

Sasa monita pana, zile ambazo wachezaji huziita altrawaidi. Ya inchi 34 ina pikseli 3440 kwa 1440, uwiano wa 21:9, yaani upana kwa kimo. Faida yake si ukubwa tu. Ni kwamba gemu iliyotengenezwa kuikubali hukuonyesha dunia zaidi pembeni. Jaribu Microsoft Flight Simulator. Ukiruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi kuelekea kaskazini-mashariki, kisiwa cha Mombasa kinakuwa mbele kidogo, mkono wako wa kulia. Kwenye skrini ya kawaida ya 16:9 utalazimika kugeuza kamera ukione. Kwenye monita pana kinaingia chenyewe pembeni mwa jicho, maji yamekizunguka, huku mbele bado unaiona njia yako. Kwenye gemu za magari kama Forza Horizon 5 ni vivyo hivyo: anayetaka kukupita unamwona kabla hajafika dirishani pako. Hisia hiyo televisheni katika umbo lake la kawaida haikupi hata iwe na rangi namna gani.

Kuna na hesabu ya kompyuta. Skrini ya 4K, kama hiyo televisheni ya inchi 42, ina pikseli milioni 8.3 hivi, monita pana ya inchi 34 haifiki milioni 5. Kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora gemu, ikisukuma 4K inafanya kazi zaidi kwa theluthi mbili. Wengi wetu hatuna kadi za bei ya gari. Mwenye kadi ya wastani ataona gemu ikienda laini kwenye monita pana na ikikwamakwama kwenye 4K, na gemu inayokwama haiokolewi na weusi wa OLED. Ongeza kwamba monita pana ya LED kwa kawaida ina bei ya chini, haiogopi upau wa Windows, ule wa vitufe vya programu, uliokaa chini siku nzima, na mchana unaweza kufungua kurasa mbili ubavu kwa ubavu ukafanya kazi ya watu.

Lakini si kila gemu inaukubali huo upana. Elden Ring, iliyotoka 2022, hukuwekea mistari myeusi pande zote mbili, na Valorant nayo haikuongezei chochote pembeni. Na hapa ndipo hesabu ya mpwa wangu ilipovunjika: PS5 haitoi picha ya 21:9 kabisa. Tangu Septemba 2022 inaweza kutoa 1440p, lakini hiyo ni 2560 kwa 1440. Kwenye monita yake ya inchi 34, robo nzima ya kioo ingekaa nyeusi, na picha iliyobaki katikati ingekuwa sawa na monita ya kawaida ya inchi 27. Angelipia upana ambao mashine yake haiujui. Anayeivuta picha ijaze kioo anapata wachezaji wanene na mpira wenye umbo la yai.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa monita pana hawalisemi. Neno "pana" linapotosha. Nilichukua futi nikampimia: monita ya inchi 34 ina upana wa sentimita 80 na kimo cha 33. Televisheni ya inchi 42 ina upana wa sentimita 93 na kimo cha 52. Televisheni ni pana kuliko hiyo iitwayo pana! Ukiiunganisha na kompyuta ukaiambia itoe 3840 kwa 1600, unapata picha ya mtindo wa monita pana yenye upana wa sentimita 93 na kimo cha karibu 39, na ile mistari ya juu na chini, kwa kuwa ni OLED, imezimika kabisa huioni usiku. Yaani televisheni inaweza kujigeuza monita pana, ila monita pana haiwezi kujigeuza televisheni. Inachodai ni nafasi: ukae mita moja au zaidi, si pua kwenye kioo.

Mwanga wa nyumba nao una neno. Nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene na madirisha madogo, zinaifaa OLED kuliko fleti za Nyali zenye vioo ukuta mzima. Kioo cha televisheni hizi hung'aa. Saa nane mchana pazia likiwa wazi utajiona wewe mwenyewe ukishika padi. Joto la msimu wa kaskazi pia huharakisha uchakavu, kwa hivyo isipachikwe ukuta unaochomwa na jua la jioni. Hewa ya chumvi inazila zote mbili sawasawa.

Wapo watakaosema nunua monita pana ya OLED uondoe ubishi. Zipo, ile ya Alienware yenye paneli ya QD-OLED, aina mojawapo ya OLED, ilitoka 2022. Ni nzuri sana kwa mwenye kompyuta kali na chumba chenye giza. Mchana, weusi wa QD-OLED huelekea ukijivu mwanga ukiipiga. Na mwenye PS5 anabaki na mistari yake myeusi pembeni.

Kwa hiyo ningekuwa na kompyuta ninayoifanyia kazi mchana na kuchezea magari na ndege usiku, ningenunua monita pana ya LED bila kusita, na pesa iliyobaki ningeiweka kwenye kadi ya picha. Kijana wetu hayuko hapo. Ana PS5, anacheza mpira na rafiki zake baada ya Isha, basi ni televisheni, tena ya OLED, kwa sharti kwamba haiwi televisheni ya nyumba. LED ya zamani ibaki sebuleni na habari zake. Hiyo mpya iingie chumbani kwake, na swichi yake isiguswe usiku.

Dada yangu alisikiliza yote hayo akauliza moja tu: stima ikirudi kwa kishindo na swichi imewashwa, nani atalipa? Sikuweza kumpuuza. Nimemwambia kijana kifaa cha kulinda stima, kile kinachokata ikizidi au ikipungua na kusubiri itulie kabla ya kuipitisha, kinunuliwe kwanza, kabla ya televisheni. Kifungwe kwenye friji ya mamake wiki mbili tatu, akione mwenyewe kikikata na kurudisha. Akiridhika, tutakwenda dukani.