Msuli wa kwenye beseni

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa na sifa moja tu, beseni. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia nalijaza maji ya baridi, nalisukuma chini ya meza, naloweka miguu, kisha msuli, yaani kusoma kwa nguvu, unaanza saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri. Na ni Julai ya Dodoma hiyo, upepo unagonga dirisha la geto, miguu imekufa ganzi hadi magotini, lakini macho makavu! Asubuhi tukikutana njiani swali ni moja: "Umelala saa ngapi?" Aliyejibu saa sita alionewa huruma.

Siku hizi naona sehemu kubwa ya mikesha ile ilikuwa maringo. Nilikuwa nakaa na daftari, sisomi.

Aliyenifumbua macho ni mama ntilie wetu hapa Ng'ong'ona. Nasoma jiografia na mazingira, na yeye anajua. Mchana mmoja, ananipakulia ugali na mlenda, akaniuliza: "Hivi mwanangu, dada yangu yuko Moshi, wao wana vuli na wana masika. Sisi huku mbona mvua ni moja tu?" Mada hiyo nilikuwa nimeisoma mara tatu. Nilikuwa nimeipaka rangi ya njano ukurasa mzima, mpaka mistari isiyopakwa ndiyo ilikuwa inaonekana vizuri zaidi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Unajua mama, hiyo inatokana na ukanda wa mkutano wa pepo…" Nikakwama hapo hapo. Yeye akaenda kumhudumia mteja mwingine, mimi nikabaki namalizia mlenda kwa aibu.

Nikaanza kujaribu njia nyingine. Ya kwanza ni ile ya Muitaliano Francesco Cirillo, ya kusoma dakika 25 na kupumzika 5, iliyopewa jina la nyanya kwa sababu saa yake ya jikoni ilikuwa na umbo la nyanya. Si mbaya, ila mimi sina saa ya jikoni, nina simu. Kuiachia simu ilinde muda wangu wa kusoma ni kumkabidhi fisi bucha. Zile dakika 5 ziliishia kwenye video za vichekesho, nikishtuka imepita nusu saa.

Nikajaribu kuamka saa kumi na moja. Hapa nina ugomvi na watoa ushauri. Wanaandika kama vile kila mwanafunzi ana chumba chake, meza yake na bomba linalotiririka. Kwetu maji hutoka alfajiri, siku mbili kwa wiki, na yakitoka nyumba nzima iko kwenye foleni na madumu. Ratiba isiyojua maji yanatoka lini haifai kitu hapa. Nilichofanya ni kuhamishia masomo magumu mchana, kwenye vimbweta, zile meza na benchi za nje, kabla ya vipindi vya jioni. Upepo unapeperusha karatasi, kwa hiyo natembea na jiwe kwenye begi. Wenzangu wanacheka. Wacheke.

Kilichonisaidia kweli hakikuhitaji hata senti. Nasoma kurasa mbili au tatu, nafunga daftari, nachukua karatasi tupu na kuandika nilichokumbuka bila kuchungulia. Inauma, maana mara ya kwanza niliandika mistari minne. Lakini ile mistari minne ilikuwa yangu kweli, na mapengo yote niliyaona kwa macho.

Baadaye ndipo nikakutana na utafiti wa Roediger na Karpicke, wa mwaka 2006, nikaelewa kwa nini beseni lilinidanganya muda mrefu vile. Waliwapa wanafunzi matini, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka ndio walikuwa juu. Mkesha nao uko hivyo hivyo. Unakesha, asubuhi unaingia kwenye test na nondo, yale uliyokariri, bado za moto, unapata alama zako, unasema njia inafanya kazi. Ikija UE unaanza upya kama hukuwahi kuhudhuria, na hapo ndipo sup, mitihani ya kurudia, zinapozaliwa.

Siku hizi saa tano usiku niko kitandani. Mwenzangu wa geto bado anakesha, na sabufa yake ikiwa imewashwa "kuondoa usingizi". Sibishani naye. Beseni nimerudishia kazi yake ya kufulia.

Kwa mama ntilie nilirudi baada ya siku nne, bila daftari. Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi: huu mstari ndio Ikweta, hapa Moshi, hapa sisi. Ukanda wa mvua hulifuata jua, ukishuka kusini unapita Moshi, hiyo ni vuli; ukirudi kaskazini unapita tena, hiyo ni masika. Kwetu huku kusini zaidi, kwenda na kurudi kwake vinakaribiana mpaka vinakuwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunaambulia wastani wa milimita 570 hivi.

Akatazama mchoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya, nimeelewa. Sasa mwaka huu itaanza tarehe ngapi, nikapande mtama?"