Asilimia 2 kwa mwaka, tungoje mpaka lini?

Kuna mwandishi anatuambia mikoa maskini itaifikia ile tajiri kwa kipato yenyewe, tuwe na subira tu. Hoja hii si ngeni: mwaka 1965 mwanauchumi Jeffrey Williamson alieleza kuwa pengo la kipato kati ya mikoa hupanuka nchi inapoanza kukua, baadaye likapungua. Sawa, lakini linapungua kwa kasi gani? Wanauchumi Barro na Sala-i-Martin walipopima majimbo ya Marekani walipata kama asilimia 2 ya pengo kwa mwaka. Piga hesabu: kuziba nusu ya pengo ni miaka 35 hivi. Na huko barabara zipo, benki zipo, mtu anahama atakavyo.

Sasa mchukue mkulima ambaye barabara yake hukatika kila mvua ikinyesha. Bei anapanga mwenye lori, maana mazao yakianza kuoza hayana subira hiyo tunayohubiriwa. Mwanawe akimaliza shule anapanda basi kwenda mjini, ndiyo basi tena. Halafu wastani wa pato la mkoa unaweza hata kupanda kwa vile waliobaki ni wachache, na kwenye takwimu hilo nalo litahesabiwa kuwa ni kukaribiana! Mwandishi angetwambia kwanza pato hilo limegawanywa kwa vichwa vingapi.