Mafuta ya ubuyu ni ya kupaka jamani, msiyageuze dawa ya kila kitu

Mwezi wa saba Dodoma ngozi yenyewe inakwambia uko wapi. Asubuhi baridi, mchana jua kali, alafu ule upepo wenye vumbi hauachi mtu, unanawa uso dakika mbili tu unausikia unavuta kama umepakwa gundi. Mimi visigino vilikuwa vinapasuka mpaka damu, usiku nikijigeuza shuka linanasa kwenye magaga. Nimepaka losheni za kila aina, asubuhi nang'aa, saa tano miguu myeupe kama nimetoka kukanyaga unga.

Aliyenisaidia ni mama mdogo, yuko Mvumi. Alinipa kichupa cha dawa ya kikohozi kaosha vizuri, ndani mafuta ya mbegu za ubuyu, ya njano hivi kama dhahabu, ukinusa kwa mbali yana harufu ya karanga mbichi. Akaniambia, "Mwanangu, usijifute ukakauka ndo upake. Toka kuoga, jipanguse kidogo tu, paka ngozi ikiwa bado na maji." Basi. Vichupa vyote nilivyonunua mjini hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia hilo neno, na ndo kila kitu, kwa sababu mafuta hayana maji ndani yake, kazi yake ni kuyazuia yale yaliyopo kwenye ngozi yasiondoke na upepo, sasa ukipaka kwenye ngozi iliyokauka unazuia nini? Nilipaka hivyo kila usiku na soksi juu, wiki ya tatu visigino vikaziba.

Nywele ni hivyo hivyo. Nalowanisha kwanza, alafu matone matatu manne kwenye kiganja, nasugua mikono, napaka kwenye ncha maana ndo zinakatika. Kichwani kwenye ngozi sipaki, nina mba, na mba na mafuta ni marafiki, nilijaribu mara moja nikajikuna wiki nzima. Wasusi wengi hawataki kusikia hili, wao wanamimina tu.

Kinachoniuma ni kwamba hii mali iko mlangoni kwetu. Toka hapa mjini shika njia ya Mtera uone mibuyu ilivyosimama, Wagogo wanauita mpela, wazee wamekula majani yake na ubuyu wake miaka na miaka. Unga unauzwa, mbegu zinapakwa sukari na rangi watoto wanamumunya, alafu zile mbegu wanatema. Kukamua kwenyewe siyo kazi ndogo, mbegu ina ganda gumu balaa na gunia zima linakupa mafuta kiduchu, kwa hiyo muuzaji akikwambia bei imechangamka mwelewe. Mimi ninayemwogopa ni yule anayeuza chupa kubwa kwa bei ya mafuta ya kula, hapo ujue alizeti imeingia. Niliwahi kuuziwa hivyo kwenye duka moja mjini, sina ugomvi na alizeti yetu, lakini niuzie kama alizeti.

Na chupa msizianike juani! Unakuta meza nzima chupa nyeupe zinapigwa jua toka asubuhi. Haya mafuta yana asidi ya linoleiki kwa wingi, hiyo hiyo ambayo ngozi inaitaka ili ishike maji, lakini ndo inayowahi kuharibika ikikutana na joto na mwanga. Ukifungua ukasikia harufu kali inayokera pua, hayo yameshakufa, usipake. Nunua chupa ya rangi nyeusi au kahawia, weka kabatini.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kila kichupa saivi kina stika ndefu: kinatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, kunywa kijiko asubuhi na jioni. Jamani hapana. Mafuta mabichi ya mbegu hizi yana asidi za kundi la saiklopropeni ambazo kwa wanyama waliolishwa zimeonyesha madhara. Hata Ulaya mwaka 2008 waliporuhusu ubuyu uingie sokoni kwao kama chakula, waliruhusu unga wa tunda, siyo mafuta ya mbegu. Mtu wa sukari akiacha vidonge vyake kwa ajili ya kijiko hiki, nani atabeba huo mzigo?

Juzi nilikuwa kwenye meza moja sokoni, akaja dada na mtoto wake wa kike mwenye ualbino, miaka sita hivi, mabega wazi, mdomo wa chini umepasuka. Kijana anayeuza akamwambia paka haya asubuhi, ni kinga ya jua. Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia mdogo wangu, haya hayazuii jua, huyu mtoto akitegemea haya anaweza kupata saratani ya ngozi. Nikamgeukia yule dada nikamwambia, dada, mpeleke kliniki ya ngozi, uliza losheni ya kweli ya jua, kuna Kilisun inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu kama mwanao, alafu mvalishe mikono mirefu na kofia pana, mchana akae kivulini. Mafuta haya mpake usiku akishaoga, kwa ukavu tu.

Yule kijana hakukasirika, alisema yeye aliambiwa hivyo na aliyemletea mzigo. Dada akavua mtandio wake akamfunika mwanae mabega, wakaondoka wakipita upande wa kivuli.