Nilivyopanda Treni na Uji Usoni

Najua mmeshaiona ile video. Yule niliyekuwa namwita rafiki kaitupa kwenye grupu la Watanzania wa Oslo tangu juzi usiku, sekunde 40, chini kaandika "Shetani wa Tanga akienda mjini". Dada yangu kule Tanga kaipata kabla mimi sijavua viatu. Sasa kwa kuwa sekunde 40 hazisemi nilifikaje pale, tulieni niwasimulie mwenyewe, na mtakaocheka mcheke mkiwa na taarifa kamili.

Kwanza: ule haukuwa uchawi. Ilikuwa heshima kwa albamu.

Mnaonijua mnajua Jumapili mimi ndiye fundi mitambo kanisani kwetu, lile la Kiswahili. Mikro ikikoroma, watu 80 wanageuka nyuma kunitazama kama nimekoroma mimi. Mwaka wa nne huu nafukuza mkwaruzo. Basi siku moja kazini, Mnorwe ninayeosha naye vyombo akaniwekea A Blaze in the Northern Sky, albamu ya mwaka 1992 ya Darkthrone, bendi ya hapahapa Norwe inayopiga black metal, ule muziki wa magitaa wa giza na kelele. Nikamwambia spika yako imekufa. Akacheka. Gitaa linalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, ngoma kama zinapigwa nyumba ya jirani, mwimbaji kama kalala na kokoto kooni. Wimbo wa kwanza unapita dakika 10, na mwanzo wake ni ngoma ya polepole na watu wananuiza chinichini, zaidi ya dakika nzima, mpaka unaanza kuangalia mlango. Halafu wanauvunja huo mlango.

Nikasema huu ni upuuzi. Usiku wa manane nikajikuta nautafuta tena.

Kilichonimaliza mimi kama fundi ni kujua kwamba wale vijana hawakushindwa. Albamu yao ya kwanza walienda kuirekodi Stockholm, studio ya Sunlight, ikatoka safi kabisa, death metal yenye misuli, yaani metali nzito ya kunguruma. Agosti 1991 wakaingia studio ya kwao Kolbotn, mji mdogo nje kidogo ya Oslo, Fenriz wa ngoma na Nocturno Culto wa sauti wote wana miaka 19, wakatoa kitu chembamba, kikavu, kinachokwaruza. Kampuni yao ya Uingereza, Peaceville, ilikuwa inangoja death metal nyingine. Iliposikia ikataka sauti ichanganywe upya. Vijana wakagoma: itoke hivihivi, au tunaipeleka kwingine. Ikatoka hivihivi. Mimi mzee wa kanisa akikunja uso tu nashusha treble!

Na ukiisikiliza mara ya tatu, ya nne, ule mkwaruzo huusikii tena kama kasoro. Unakuwa baridi. Nimekaa nchi hii miaka sita, hakuna aliyewahi kunirekodia baridi ya Januari, saa kumi jioni giza limeshaingia, isipokuwa hawa. (Na kabla hamjaandika: ndiyo, najua kuhusu makanisa yaliyochomwa na watu wa muziki ule miaka ile. Sitetei. Mimi ndiye mwenye funguo za kanisa.)

Turudi kwenye aibu.

Jalada la albamu ile ni picha isiyo na rangi: Zephyrous, mpiga gitaa wao, kapakwa uso kama maiti, giza nyuma. Nikapata wazo, na ubaya wa wazo langu ni kwamba nilikuwa na mtu wa kulishangilia, yuleyule wa video. Nikamwambia: twende Kolbotn kwenyewe, si treni tu, unipige picha kama ile pembeni ya ziwa. Rangi nyeupe ya kununua sikuwa nayo. Nilikuwa na sembe ya duka la mtaa wa Grønland, na mafuta ya nazi. Nikakoroga kwa maji ya moto kidogo, ikashika vizuri, nikajipaka. Kwenye macho nikaongeza wanja. Mwenzangu akasema weusi mwingine sihitaji, huo niliokuja nao unatosha.

Nani kati yenu angemkumbusha mtu wa Tanga kwamba mafuta ya nazi yanaganda? Kwetu yamekaa kwenye chupa yakiwa maji tangu nazaliwa. Kolbotn siku hiyo ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Picha ya tano hivi nikaambiwa nitoe ukali, nikautoa, na ukali ukabaki hukohuko. Uso haurudi. Mdomo wazi, meno nje, sembe imekuwa saruji. Nikajaribu kusugua na theluji, ikawa nimeongeza zege. Mwenzangu kapiga magoti, nikadhani anatafuta pembe nzuri ya picha, kumbe hawezi kusimama kwa kicheko.

Na treni inaingia. Ukiikosa hiyo, ni kungoja na masikio ya Kitanga katika baridi ile. Tukakimbia. Nikaruka behewa la kwanza lililofungua mlango. Yeye, msaliti, akaingia na mimi lakini akaenda kusimama mbali, simu mkononi, kama abiria asiyenijua.

Sasa hapa nendeni nami taratibu.

Naingia. Joto. Naona vitenge. Si kitenge kimoja, vitenge kumi na kitu, sare, bluu na njano. Akili inaniambia: bluu na njano hii unaijua. Ni kwaya ya akina mama. Ya kanisani kwetu. Wametoka kubariki mtoto huko mji wa Ski, masufuria matupu miguuni, na katikati yao, kakaa wima kama mnara, Mama Mchungaji.

Nikageukia dirisha. Kosa. Nje giza, ndani taa, dirisha limekuwa kioo, kwa hiyo wale ambao hawajauona uso wangu wakauona mara mbili. Kimya kikaanza upande mmoja kikatembea mpaka upande wa pili. Katoto kamoja kakasema kwa sauti nzuri, iliyo wazi, sauti ambayo kwa kawaida ningeisifia: "Mama, anayeyuka."

Ni kweli. Nilikuwa nayeyuka. Mafuta ya nazi yalishakumbuka kwao ni pwani. Donge la kwanza lilitoka kwenye paji la uso, likapumzika juu ya nyusi, likateleza mashavuni na wanja wake, likaanguka kwenye koti. Pa. La pili likaangukia sufuria la watu. Behewa zima linanukia wali wa nazi. Mimi nasikia njaa, jamani, katikati ya fedheha nasikia njaa!

Mama Mchungaji akasimama. Ni mama wa Bukavu, amevuka mengi, haogopi kitu. Akanyoosha mkono mmoja, mwingine kashika chuma cha treni, akavuta pumzi, akaniita kwa ule wito wa kujua wewe ni wa upande gani:

"Bwana asifiwe!"

Kila nyuzi ya mwili wangu ilijua ninyamaze. Lakini miaka minne ya kujaribu mikro ni miaka minne.

"Amina, mama."

Na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwa mazoea tu: "Moja, mbili, moja, mbili."

Mkono wake ukabaki hewani. Akainama. Akanitazama jicho la kushoto, akahamia la kulia. "Ee Mungu wangu," akasema polepole. "Njo weye wa mikro?"

Hapo ndipo video inapoishia, kwa sababu aliyekuwa anarekodi alianguka.

Mengine haraka. Walinifuta kwa kanga, wakaniombea kutoka hapo mpaka kituo kikuu cha Oslo, nikapewa chapati mbili zilizobaki. Nilijaribu kueleza kwamba albamu yenyewe iko kwenye maonyesho ya kudumu ya maktaba ya taifa pale mjini, na kwamba Fenriz aliwahi kuchaguliwa mjumbe wa akiba wa baraza la kwao baada ya kutoa picha amekumbatia paka akiomba asipigiwe kura. Mama Mchungaji akauliza, yeye ana miaka mingapi sasa na mimi nina mingapi. Nikala chapati.

Jana Jumapili nilienda, funguo si ninazo mimi. Hakuna aliyesema kitu. Nikaanza kuamini yameisha. Wakati wa matangazo, mikro ya mimbari ikakoroma, mkoromo mrefu, mzito. Vichwa 80 vikageuka. Nikakimbilia mashine, mikono inatetemeka, na mzee wa kanisa akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwacheni," akasema. "Huu si ndio wimbo wake?"