Dakika Arobaini na Tano Hadi Tahiti

Shemeji aliniuliza swali jepesi: kutoka Mataveri, Kisiwa cha Pasaka, hadi Faa'a, Tahiti, tutakaa angani saa ngapi? Nikamwambia atulie, mwenye hesabu nipo.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Unachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, unazitia kwenye fomula ya haversine, inakupa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Kusini mwa ikweta ni hasi. Magharibi mwa Greenwich nako ni hasi. Mataveri niliiandika vizuri: -27.16, -109.42. Faa'a nikaandika -17.55, 149.61. Kile kistari cha mbele ya 149.61 kilibaki kwenye kalamu, na Tahiti ikahamia Bahari ya Matumbawe, mashariki mwa Australia, majini kabisa. Umbali ukatoka kilomita 10,159. Nikagawa kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa.

"Saa 12, shemeji. Beba mto."

Shemeji akafungua tiketi. "Mbona hapa tunaondoka saa 11:00 jioni, tunafika saa 11:45 jioni? Robo tatu ya saa tu! Hizo 12 zako za wapi?"

Nikacheka kwa dharau. Naye akacheka. Kila mtu akapanda na hesabu yake.

Kumbe tiketi huandika saa za mahali: ya kuondoka ni ya Kisiwa cha Pasaka, ya kufika ni ya Tahiti, na majira ya kiangazi cha huko, Tahiti iko nyuma kwa saa 5. Jumlisha na zile dakika 45, unapata saa 5 na dakika 45. Na ukikirudisha kistari changu mahali pake, umbali unashuka hadi kilomita 4,250, yaani maili za baharini 2,295 hivi. Gawa kwa 850, ni saa 5. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Robo iliyobaki dai kwa upepo wa mbisho, maana ukielekea magharibi huko juu mara nyingi unakupiga usoni. Hesabu zinapatana vizuri sana. Waliogombana ni wasomaji.

Ndege ilipotulia angani nikameza kidonge cha usingizi cha saa 8. Nilijipigia hesabu: nitaamka zimebaki 3 na ushee, ninawe uso, nile, nishuke kama mtu. Shemeji alikataa chakula ("tunashuka sasa hivi"), akakataa kwenda msalani, akakaza mkanda na kukumbatia mkoba mapajani. Naambiwa alikaa hivyo saa tatu nzima, ndipo akaanza kumuuliza mhudumu kama rubani amepotea njia.

Mimi nilitolewa kwa kiti cha magurudumu, mdomo wazi, shingoni nimevishwa shada la maua ya tiare ambalo silikumbuki. Nilipofumbua jicho moja, saa yangu ya mkononi ilisema 4:45 usiku, na jua lilikuwa linawaka.

Shemeji, ametoka msalani mbio, akanionyesha kwa kidole saa ya ukutani. "Soma mwenyewe. Tuliondoka saa kumi na moja. Robo tatu ya saa, nilikwambia!"