Tusikimbilie kuunyoosha Mto Rau

Masika yakikolea, simu yangu hujaa picha kutoka Moshi. Mto Rau umeacha njia yake, Mabogini watu wanavuka maji ya magotini na magodoro kichwani, shamba la mtu limelala chini ya tope. Maji yakishapungua, mjadala huwa ule ule: kiletwe kijiko cha kuchimba udongo, tope lizolewe, kona zinyooshwe, miti ya kandokando ikatwe ili maji yapite haraka. Wanaosema hivyo wana uchungu wa mali zao, siwalaumu. Lakini nawaomba ndugu zangu, tusiunyooshe mto ule.

Mimi siku hizi naishi Nijmegen, Uholanzi. Mto Rhine ukiingia nchi hii hugawanyika, na Waal, unaopita hapa mjini kwetu, ndio mkono wenye maji mengi. Waholanzi walishafanya karibu yote tunayotamani kuyafanya Rau. Waliujengea matuta pande zote mbili, wakaubana kwa kuta fupi za mawe zinazotoka ukingoni kuelekea katikati, ili kina kitoshe kwa meli. Mto ukibanwa hukimbia, na ukikimbia huchimba. Sakafu ya Waal imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Sakafu ikishuka, maji ya ardhini nayo hushuka, vijito vya pembeni vinaachwa juu na kukauka, na samaki waliokuwa wakizalia humo hawana tena pa kwenda.

Kisha yakaja maji ya 1993, na ya 1995 yakazidi. Mwaka huo wa 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa pamoja na mifugo yao, kwa hofu kwamba matuta yangepasuka. Baada ya hapo wakakubaliana jambo ambalo naona lilihitaji ujasiri: badala ya kuinua matuta tu, waurudishie mto nafasi yake. Kazi ilifanyika sehemu zaidi ya 30 na ikagharimu takriban euro bilioni 2.3. Hapa Nijmegen, upande wa Lent, tuta lilisogezwa nyuma mita 350 na mfereji wa pili ukachimbwa sambamba na mto, katikati kikabaki kisiwa. Maji ya mafuriko hapa sasa huwa chini kwa zaidi ya sentimita 30 kuliko ambavyo yangekuwa.

Kuna jambo moja kwenye kingo za Waal ambalo nataka kulieleza taratibu, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Kwenye fukwe zake za mchanga miche ya mierebi, miti ya kando ya mito ya huku, huota kwa mstari, kana kwamba kuna mtu aliyeipanda kwa kamba. Hakuna aliyeipanda. Mbegu za mierebi hupeperuka mwanzoni mwa kiangazi cha huku, zina pamba nyepesi, na uhai wake ni wa muda mfupi sana. Inayotua kwenye mchanga mkavu hufa, inayotua majini huchukuliwa. Inayopona ni ile iliyoangukia tope bichi, pale pale maji yalipokuwa yakirudi nyuma. Na maji yakirudi haraka kuliko mzizi unavyoweza kuyafuata chini, mche hukauka. Kwa hiyo ule mstari umechorwa na mto. Maji yakipanda tena, zile fimbo nyembamba hupunguza kasi yake, mchanga unadondoka nyuma yake, ukingo unainuka kidogo, na mwaka unaofuata mto unalazimika kupita kwa kuuzunguka. Maji yameamua mti uote wapi, kisha mti unaamua maji yapite wapi. Huwezi kumpa mtu mmoja kazi ya maji na mwingine kazi ya miti, wasikutane kamwe, halafu utegemee mto utulie.

Wala sisemi kila kinachoota mtoni kiachwe. Mierebi ikijaa sana kwenye uwanda wa mafuriko, maji hupanda, na Waholanzi huipunguza, kwingine wakiwaachia farasi na ng'ombe wanaokaa nje mwaka mzima. Wanyama nao wana faida na hasara. Kuna panya mkubwa wa majini aliyetoka Amerika, anayetoboa matuta kiasi kwamba wapo watu walioajiriwa kumtega tu. Ninachokipenda kwao ni kwamba mhandisi anayepima mteremko na mtaalamu anayehesabu wadudu chini ya mawe wamelazimika kukaa meza moja.

Sasa turudi Rau. Mto unatoka Mlima Kilimanjaro kwa mteremko mkali, ukifika uwandani kasi inakatika na mzigo wake wa mchanga na mawe unatuliwa. Ndiyo maana kule chini unahamahama. Chukua kona tatu uzinyooshe: umefupisha njia, lakini urefu wa kushuka ni ule ule, kwa hiyo mteremko umeongezeka na maji yamepata nguvu mpya. Yataanza kuchimba sakafu, na uchimbaji huo huwa unapanda kuelekea juu ya mto, mpaka kwenye nguzo za daraja. Mchanga uliochimbwa utakwenda kuziba mifereji ya mpunga Mabogini na Chekereni. Na mafuriko yaliyokuwa yakichelewa kwenye kona yatafika Kahe, chini zaidi ya mto, mapema zaidi na kwa kishindo zaidi. Hapo tumeyahamisha kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine ambaye hakuja kwenye mkutano wetu wa mtaa.

Uchotaji wa mchanga kutoka katikati ya mto hufanya hayo hayo, polepole. Tipa moja halionekani kitu. Lakini mchanga haujai usiku mmoja, unategemea mvua na mlima, na tukichota kuliko unavyoletwa, maji yasiyo na mzigo hutafuta mzigo kwenye kingo za watu.

Halafu kuna ile miti. Mkuyu na msesewe huko kwetu hupenda miguu yake iwe majini. Nani hajawahi kuona mizizi ya mkuyu iliyoachwa wazi ukingoni, mto umechimba nyuma yake pakawa na kidimbwi chenye kivuli? Kiangazi, sehemu nyingine zikibaki mawe matupu, kidimbwi kile ndicho wanachohamia samaki wadogo na kaa, na ndicho mama anachochotea maji. Kijiko kikipita, kinaacha sakafu sawa kama ya sebule: maji ya kiangazi yanatandazwa membamba, yanapata moto, na hakuna kiumbe pa kujificha. Ukingo uliobaki bila mizizi huo ndio utakaoanguka masika ijayo, na tutasema mto umekuwa mkorofi.

Waholanzi wanachukua magogo mazima na kuyafunga chini ya mito yao ili wadudu na samaki wapate makazi. Wanalipia. Kwetu mti unaanguka mtoni wenyewe, bure, na kesho yake umekuwa kuni. Uliokwama kwenye daraja utolewe, hilo halina ubishi. Ulioanguka mbali na daraja tuuache.

Na tuna Msitu wa Rau, pembeni kabisa ya mji, wenye chemchemi zake na mti wa msoo usiopatikana sehemu nyingi duniani. Watu wa huku hununua ardhi kwa mamilioni ili waoteshe msitu wa mtoni kama ule. Wa kwetu upo, kazi ni kuulinda.

Wazee wetu pia walijenga kwa akili ambayo sasa tunaidharau. Banio la mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga, lilikuwa la mawe, matawi na migomba. Lilivuja, na kilichovuja kiliendelea mtoni kwa wa chini. Mvua kubwa ikija lilibebwa, watu wakaenda siku ya kazi kulirudishia. Banio la zege halivuji. Ni zuri kwa mwenye mfereji, lakini geti la mfereji likifunguliwa lote mwezi Septemba, mtoni chini ya banio panabaki mawe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua kwamba mto wenyewe unastahili kuachiwa kiasi cha maji kwa ajili ya viumbe wake. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ipo hapo hapo Moshi. Vibali vya maji vipimwe dhidi ya kiangazi, tusivipime kwa masika.

Kuhusu mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, zinazotakiwa kuachwa kando ya mto bila shughuli, nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Nakubaliana nazo, sikubaliani na jinsi zinavyoletwa. Zinaletwa kama alama ya X nyekundu ya kubomoa ukutani. Kule Lent kaya takriban 50 zilipoteza nyumba zao ili tuta lirudi nyuma, na ziligomba kweli kweli, miaka na miaka. Lakini zililipwa, ramani zilibandikwa, na watu walijua mapema maji yangefika wapi. Kwetu mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha robo eka akiambiwa aache mita 60, ameambiwa aache chote. Huyo mpe fidia, au mruhusu apande miti inayoshika ukingo na kumpa kitu mkononi, siyo mikaratusi inayokausha chemchemi. Na uwandani, pale mto unapohamahama, mita 60 huenda zisitoshe. Mafuriko tuliyoyaona yachorwe kwenye ramani kwanza, ndipo tubishane kuhusu namba.

Kwa hiyo diwani, mtendaji, mwenyekiti: kabla kijiko hakijakodiwa, tembeeni ukingo wote kuanzia mjini hadi Kahe, mwezi wa nane au wa tisa maji yakiwa machache. Mhandisi awepo, mtu wa misitu awepo, anayewajua samaki awepo, na mzee mmoja wa mfongo kutoka juu pamoja na mkulima wa mpunga kutoka chini. Wekeni alama kila kona ambayo mto uliitumia kupumzikia maji masika iliyopita. Kona hizo ziandikwe kwenye mpango wa kata kuwa ni za mto, na kibali cha kujenga hapo kisitoke.